Super 8, Regular 8 au Milimita 16: Uanze na Ipi Kurekodi Sinema za Nyumbani?

Watu wengi wanaotaka kurekodi sinema za nyumbani kwa filamu huanza na kamera. Wameikuta kabatini kwa babu au kwenye picha ya muuzaji, wamependa mpini wake, wameibonyeza ikalia kama cherehani, basi wameichukua. Filamu ya kuitia, mahali pa kuisafishia na namna ya kuitazama huja kufikiriwa baadaye, na hapo ndipo kamera nyingi nzuri hurudi kabatini bila kurekodi hata mtoto mmoja akikimbia. Mimi ningependa uende kinyume. Anza na ile jioni mtakayokaa kutazama. Je, taa zitakuwa zimezimwa, projekta inanguruma katikati ya chumba na picha imo ukutani? Au utawatumia ndugu faili waione kwenye simu? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua filamu, na filamu ndiyo inayochagua kamera.

Hizi hapa tarakimu za aina tatu ambazo bado zina filamu mpya na bado zina maabara za kuzisafisha:

| | Regular 8 | Super 8 | Milimita 16 |
|---|---|---|---|
| Mwaka ilipotoka | 1932 | 1965 | 1923 |
| Inavyouzwa | rili ya futi 25, hupita mara mbili | kaseti ya futi 50 | rili ya futi 100 |
| Idadi ya fremu (picha moja moja) | 4,000 | 3,600 | 4,000 |
| Muda wake | dakika 4 na sekunde 10 (fremu 16 kwa sekunde) | dakika 3 na sekunde 20 (fremu 18 kwa sekunde) | dakika 2 na sekunde 46 (fremu 24 kwa sekunde) |
| Eneo la fremu, Super 8 ikiwa 1 | kama 0.7 | 1 | zaidi ya 3 |

Tazama safu ya muda kuliko safu ya eneo. Aliyezoea simu, inayorekodi mpaka ijae, hushtuka akiambiwa kwamba rili nzima ni dakika tatu. Ukizoea, dakika tatu ni nyingi. Ni kama vipande thelathini vya sekunde sita sita, na siku nzima ya familia ikirekodiwa kwa vipande thelathini vilivyochaguliwa vizuri, huna utakachokosa.

Filamu kabla ya kamera

Filamu za sinema ziko za namna mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko hata tofauti ya upana. Namna ya kwanza ni rivasali. Mkanda uleule uliopita ndani ya kamera yako, ukishasafishwa, ndio unaoushika mkononi na kuiona picha kamili na rangi zake, kama slaidi. Unautia kwenye projekta usiku huohuo. Karibu sinema zote za nyumbani za zamani zilirekodiwa hivi, kwa sababu familia ilitaka kutazama, haikuwa na haja ya kuchapa nakala. Namna ya pili ni negativu: shati jeupe linatoka jeusi, uso unatoka rangi za ajabu, na hakuna cha kutazama mpaka mkanda uskaniwe au uchapwe nakala.

Kwa hiyo mwenye projekta inayofanya kazi, na anayetaka ile jioni ya taa zilizozimwa, anatafuta rivasali. Ya rangi ni Ektachrome 100D ya Kodak, ambayo ilisimamishwa mwaka 2012 ikarudi mwaka 2018. Ya nyeusi na nyeupe ni Tri-X ya Kodak, au Fomapan R100 inayotengenezwa na Foma huko Jamhuri ya Cheki, ambayo hupatikana kwa milimita 16 na kwa Regular 8. Asiye na projekta, na anayejua kwamba kila kitu kitaishia kwenye kompyuta, hana sababu ya kujitesa na rivasali. Achukue negativu za Kodak ziitwazo Vision3.

Nimesema kujitesa, na neno hilo nalimaanisha. Rivasali haisamehe. Mwanga ukizidi hata nusu hatua ya lenzi (hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), mawingu yanapotea, kanzu nyeupe inakuwa doa tupu, na kilichopotea pale hakirudishwi na skana yoyote, kwa sababu hakipo tena kwenye mkanda. Negativu inasamehe sana, hasa ukikosea kwa upande wa kuzidisha mwanga. Hatua mbili nzima zinaweza kupita na picha bado ikaokolewa. Sasa fikiria kwamba kamera utakayonunua ina miaka arobaini au sitini, na mita yake ya mwanga haijaguswa na fundi tangu itoke kiwandani. Kwa mtu wa kwanza kabisa, mwenye kamera asiyoijua, mimi nitamshauri negativu kila siku, hata kama moyo wake uko kwenye projekta. Rili mbili tatu za negativu zitamwambia ukweli wote kuhusu kamera yake. Baada ya hapo aende kwenye Ektachrome akiwa na macho wazi.

Tarakimu na herufi zilizoandikwa kwenye kasha la Vision3 zisikutishe. Tarakimu ni wepesi wa filamu kupokea mwanga, na herufi ni aina ya mwanga iliyotengenezewa. 50D ni ya jua: uwanjani, ufukweni, barazani mchana. 500T ni ya taa za balbu za njano na vyumba vyenye giza. 200T iko katikati. Filamu ya T ukiipeleka juani bila kichujio cha rangi ya chungwa, kila kitu kitakuwa cha bluu. Kamera nyingi za Super 8 zina kichujio hicho ndani, na swichi yenye alama ya jua na alama ya balbu. Hapa wengi hukosea. Ukitia filamu ya D, swichi iweke kwenye balbu hata kama uko juani, maana alama ya balbu kwenye kamera hizo huondoa kichujio, na filamu ya jua haikihitaji. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla ya rili yako ya kwanza.

Kisha kuna maabara. Studio ya kawaida inayosafisha picha za mnato haiwezi kukusaidia, hata kama mwenye studio ana nia njema. Negativu za sinema zina njia yake ya kusafishwa iitwayo ECN-2, na kwa miaka mingi zimebeba tabaka jeusi mgongoni linaloweza kuchafua mashine na dawa za studio. Ektachrome husafishwa kwa njia ya E-6, na nyeusi na nyeupe ya rivasali ina njia yake pia. Kabla hujalipia filamu hata moja, iandikie maabara maswali matatu: Je, mnapokea upana huu? Mnaisafisha kwa njia gani? Mnaskani fremu moja moja, au mnarekodi tu picha inayoonyeshwa na projekta? Njia hiyo ya mwisho huleta picha inayopepesa na iliyokatwa pembeni. Jibu likiwa zuri kwa Super 8 tu, basi umeshachagua, na hakuna haja ya kuendelea kujadiliana na nafsi yako.

Super 8: mlango uliotengenezwa makusudi uwe mpana

Kodak walipoitoa mwaka 1965, shida waliyotaka kuiondoa ilikuwa moja: watu walikuwa wanaogopa kupakia filamu. Wakaifungia yote ndani ya kaseti ya plastiki. Unafungua mlango wa kamera, unasukuma kaseti ndani, unafunga. Hugusi mkanda, hutafuti kivuli, huhitaji kujifunza njia ya filamu kupita. Matundu ya pembeni yalifanywa madogo ili fremu ipate nafasi zaidi, ndiyo sababu picha yake ni kubwa kuliko ya Regular 8 ingawa mikanda yote miwili ina upana wa milimita 8.

Kaseti hiyo ina pia mikato midogo ukingoni, na kamera huisoma ili ijue wepesi wa filamu iliyomo. Ni ubunifu mzuri, lakini una mtego kwa mnunuzi wa leo. Kamera rahisi za zamani zinajua wepesi wa aina mbili tu, 40 na 160, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikiuzwa. Ukizitia 200T zitaidhania 160, na kosa hilo ni dogo. Ukizitia 500T zitaidhania 160 pia na kuizidishia mwanga, jambo ambalo negativu hulibeba. Ila Ektachrome kwenye kamera isiyoisoma vizuri ni hasara. Tafuta kitabu cha maelekezo cha modeli unayoitaka uone inasoma nini, au chagua kamera inayokuruhusu kuweka tundu la lenzi kwa mkono.

Kamera gani? Zile zilizoandikwa XL zilitengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu: lenzi pana, na shata, yaani kizuizi kinachofunguka kuingiza mwanga, inayobaki wazi kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu. Canon 310XL, kwa mfano, lenzi yake inafunguka mpaka f/1.0, tundu pana sana, na ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa koti. Kwa sinema za nyumbani, ambazo nusu yake hutokea sebuleni na jikoni, ningeichukua hiyo kabla ya kamera kubwa za heshima kama Nikon R10 au Beaulieu 4008. Hizo ni nzuri kwelikweli, lakini Beaulieu inataka betri yake maalumu, na aliyeanza juzi hahitaji mtihani huo. Kamera inayokubali betri ndogo za kawaida zinazouzwa kila mahali ina faida ambayo picha za matangazo hazikuonyeshi.

Kamera za Super 8 zenye kipaza sauti usizikimbie. Kaseti zenye ukanda wa sauti zilikoma kutengenezwa mwaka 1997, lakini kamera hizo hupokea kaseti za kimya bila tatizo. Sauti irekodi kwa simu, pembeni. Usitegemee midomo na maneno viende sawa, kwa sababu injini ya kamera haishiki mwendo kwa usahihi huo. Sauti ya mvua, ya sufuria, ya mtoto anayehesabu, ikilazwa chini ya picha, inatosha na kuzidi.

Udhaifu wa Super 8 uko palepale penye nguvu yake. Kipande kinachoshikilia mkanda uwe bapa mbele ya lenzi ni cha plastiki na kimo ndani ya kaseti, si ndani ya kamera. Kwa hiyo picha hucheza kidogo, juu na chini. Wapo wanaoupenda mchezo huo wa picha na wapo unaowaudhi. Pia mkanda hauwezi kurudishwa nyuma wote, kwa hiyo michezo ya kurekodi mara mbili juu ya picha moja ina mipaka.

Regular 8: ya wenye subira

Hii wengine huiita Standard 8 au Double 8, na jina la mwisho ndilo linaloeleza siri yake. Ndani ya rili kuna mkanda wa upana wa milimita 16. Kamera inarekodi nusu moja ya upana kwa futi 25, kisha unafungua, unageuza rili, na nusu ya pili inarekodiwa ikirudi. Maabara ikishausafisha inaupasua katikati kwa urefu, inaunganisha vipande viwili, na unapata futi 50 za milimita 8. Wakati Kodak wanaibuni mwaka 1932 ulimwengu ulikuwa katika mdororo wa uchumi, na mkanda uleule ulitoa picha mara nne ya milimita 16.

Ukiigusa kamera ya aina hii utaelewa kwa nini baadhi yetu hatuiachi. Nyingi hazina betri. Unazitia ufunguo kama saa ya mezani, springi inajikaza, na zinafanya kazi leo kama zilivyofanya miaka ya 1950. Mkanda unashikwa na chuma kilichochongwa vizuri ndani ya kamera yenyewe, na picha inatulia. Bolex za milimita 8 za Uswisi na Bell & Howell za Marekani ndizo zinazotajwa sana, lakini hata kamera ndogo zisizo na jina kubwa, zenye lenzi moja isiyovuta, huwa kali kuliko mtu anavyotarajia.

Sinema ya nyumbani iliyochunguzwa kuliko zote duniani ilirekodiwa kwa mkanda huu. Tarehe 22 Novemba 1963, mjini Dallas, mfanyabiashara wa nguo Abraham Zapruder alikuwa na Bell & Howell yake yenye Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak ya enzi hizo, akarekodi sekunde 26 na ushee za kuuawa kwa Rais John F. Kennedy. Nakala za kwanza zilitolewa mkanda ukiwa bado haujapasuliwa, kwa sababu mashine ya kunakili iliyopatikana ilikuwa ya milimita 16. Nawe leo unaweza kuiagiza maabara isipasue, ukiona kwamba skana yao inapokea milimita 16 peke yake.

Gharama ya subira ni hii. Kupakia kunahitaji kivuli kizito, la sivyo kingo za mkanda zinaungua na unaona mwako wa rangi ya chungwa mwanzoni na katikati ya rili. Kugeuza rili nako kunatokea katikati ya sherehe, wakati ambapo hutaki. Mita za mwanga za kamera hizi nyingi zimekufa au hazikuwahi kuwapo, kwa hiyo utapima kwa mita ya mkononi au kwa programu ya simu na kuweka lenzi mwenyewe. Na filamu haiko kila duka. Zaidi ya ile ya Foma, utakuwa unategemea wauzaji wadogo wanaotoboa upya mkanda wa milimita 16 ili upate matundu yanayofaa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu kilichonionya. Rili ya Regular 8, ikishapita mara mbili, inaishia kwenye rili ileile iliyoanzia, na kwa macho haina tofauti na mpya. Rili yangu ya tatu niliitia mfukoni bila alama. Wiki moja baadaye nikaipakia tena nikidhani ni safi. Iliporudi kutoka maabara, mama yangu alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchele, na watoto wa dada yangu walikuwa wanaruka kamba ndani ya uso wake. Ule mchana wa mama ulikuwa umekwenda. Tangu siku hiyo sifungi mlango wa kamera kabla ya kubandika kipande cha tepu nyekundu kwenye rili iliyokwisha, hata watu wakiniita vipi.

Milimita 16: ikiwa tayari unajua unachokitafuta

Nitasema kwa kifupi, kwa sababu mtu anayeifaa milimita 16 kwa kawaida anajijua. Picha yake ina eneo zaidi ya mara tatu ya Super 8. Chembe za filamu zinatulia, majani ya mti yanakuwa majani badala ya vumbi la kijani, na sura ya mtu aliye mbali inatambulika. Ukiskani, utaona tofauti hiyo hata kwenye skrini ndogo.

Lakini kwa fremu 24 kwa sekunde, rili ya futi 100 haifiki dakika tatu, na kila dakika hugharimu filamu, dawa na skani nyingi zaidi. Kamera nazo ni nzito. Bolex H16, iliyotoka mwaka 1935, inabaki kuwa chaguo la busara: springi yake ikijazwa inakwenda kama sekunde 28, na kila kitu kinawekwa kwa mkono. Krasnogorsk-3 ya Kisovieti hupatikana kwa urahisi na lenzi yake ni nzuri, ingawa njia yake ya kupakia ina sifa ya kukwaruza mkanda, na wenye nayo wengi huondoa vile vipande vya chuma vinavyotengeneza kitanzi cha filamu.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. Kwanza, kamera za zamani sana zina meno pande zote mbili na zinataka mkanda wenye matundu pande zote mbili, ilhali mkanda unaouzwa sana leo una matundu upande mmoja. Ukiupitisha kwenye kamera hiyo, meno yatautoboa. Pili, kuna kamera ndogo nzuri zilizotumia kaseti ya chuma ya futi 50 badala ya rili. Ni nyepesi, zinapendeza, na kaseti zake hazitengenezwi tena. Ziache, isipokuwa una mazoea ya kujaza kaseti gizani.

Kama umewahi kupiga picha za mnato kwa kamera isiyo na otomatiki, ukapima mwanga na kukadiria umbali mwenyewe, unaweza kuanzia hapa bila hofu. Kama hujawahi, rili tano za Super 8 zitakufundisha mambo yaleyale kwa hasara ndogo zaidi.

Zinazofanana na nyingine kwa jina tu

Single-8 ya Fuji ilitoka mwaka uleule wa 1965, na mkanda wake una vipimo sawa na Super 8. Kaseti ndiyo tofauti: ni nyembamba, na haiingii kwenye kamera ya Super 8, wala ya Super 8 haiingii kwenye yake. Fuji wameshaacha kuitengeneza. Kila mwaka mtu ananunua Fujica maridadi akidhani amepata Super 8, na anayemuuzia huenda hajui pia. Milimita 9.5 ya Pathé, ya Ufaransa, yenye tundu katikati badala ya pembeni, ni ya kupendeza na ni ya watu waliokwisha kuzama. Projekta nazo zitazame: ya Regular 8 na ya Super 8 zina meno tofauti, na ukiupitisha mkanda wa aina moja kwenye nyingine unaweza kuuchana. Ziko zenye swichi ya kubadilisha, nazo ndizo za kutafuta.

Na ukikuta Kodachrome isiyosafishwa kwenye droo ya mzee, usiitumie kujifunzia. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas, ilipokea rili za mwisho Desemba 2010. Siku hizi inaweza kutolewa kama nyeusi na nyeupe tu. Kama ilisharekodiwa, huenda mna mtu humo, kwa hiyo itunze na uitafutie fundi.

Usinunue mbuzi kwenye gunia

Kamera ya mkono wa pili ijaribu mwenyewe, au mwombe muuzaji akurekodie video akiijaribu. Fungua chumba cha betri kwanza: ukiona unga wa kijani au mweupe, umeona historia yake. Tia betri, bonyeza, sikiliza. Mlio uwe wa mfululizo, usiwe unaozama na kupanda. Elekeza lenzi dirishani kisha kwenye kona yenye giza, uone sindano ya mwanga ikihama. Kumbuka kwamba kamera nyingi za miaka ya 1960 zilipimia mwanga kwa betri ndogo za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena, na betri ya kisasa ya volti 1.5 huidanganya mita. Zipo za zinki na hewa zinazokaribia volti ile.

Mulika tochi kupitia lenzi. Nyuzinyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huhamia lenzi nyingine. Kwenye Super 8, tia kaseti ya zamani ambayo mkanda wake haujafika mwisho, weka alama ya kalamu kwenye sehemu ya mkanda inayoonekana, bonyeza sekunde chache, toa. Alama ikiwa imeondoka, kamera inavuta. Nimeona watu wakiruka hatua hiyo ya dakika moja na kugundua, baada ya kulipia filamu na kusafisha, kwamba mkanda mzima ulibaki pale ulipoanzia.

Uamuzi wangu, na rili ya kwanza

Kwa mtu anayeanza kabisa: Super 8, kamera ndogo ya XL, kaseti mbili za 50D na moja ya 500T, na skani ya fremu moja moja. Mwenye kamera ya Regular 8 iliyokuwa ya mzazi wake abaki nayo. Kurekodi watoto kwa chombo kilichowahi kukurekodi wewe ni jambo ambalo Super 8 haiwezi kulishinda, na nyeusi na nyeupe ya Foma itamtosha kwa mwaka mzima.

Kabla ya fremu ya kwanza, zungusha pete ya jicho kwenye kidirisha cha kuchungulia mpaka mistari au duara la katikati lionekane kali kwa jicho lako. Ukiacha pete hiyo ilivyomfaa mwenye kamera wa zamani, utalenga vizuri kabisa na kila picha itatoka na ukungu. Kisha kuvuta kwa zumu: vuta mpaka mwisho kwenye jicho la mtu, lenga, rudi upana unaoutaka, ndipo urekodi. Usivute wakati mkanda unatembea. Hesabu hadi sita kimoyomoyo kila unapobonyeza. Sekunde mbili, zinazoonekana nyingi mkononi, ukutani ni kupepesa macho. Kama huna stendi ya miguu mitatu, egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi polepole.

Rekodi mikono kuliko nyuso zinazokutazama. Mtu akijua anarekodiwa husimama wima na kupunga, na una dakika tatu tu. Mrekodi anaposuka, anapokaanga, anapofunga kamba za viatu vya mtoto. Chukua nje ya nyumba yenyewe, mlango, miti, gari lililopo, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyobadilika kwanza. Kama rili inasafirishwa kwa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za ukaguzi ziitwazo CT, zenye eksirei kali, zinaiunguza, hasa ile 500T.

Ikishakwisha usiikalishe. Mkanda uliokwisha kupokea mwanga huanza kufifia polepole, na joto huongeza kasi. Uweke mahali pa baridi na pakavu mpaka siku ya kuutuma. Juu ya kasha andika kwa kalamu isiyofutika, kabla ya kukaa chini kupumzika: tarehe, aina ya filamu, spidi uliyotumia, na majina ya waliomo. Kisha tepu nyekundu.